Mzigo wa Kuthibitisha
Mhadhara juu ya uraia, uliotolewa Tarime



Mada niliyopewa ni uraia wa Marekani na namna maana yake ilivyobadilika. Marekani nitafika. Lakini safari naianzia Sirari, hapa mpakani kwetu na Kenya, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema leo lilishatokea pale, likatolewa hukumu na mahakama ya bara zima la Afrika, na sisi wenye Sirari hatulizungumzi inavyostahili.

Tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu katika shauri namba 012 la mwaka 2015. Mlalamikaji alikuwa mwanamume aliyesema amezaliwa Butiama mwaka 1979. Jina lake limo katika hukumu, ila sitalitaja hapa, maana limeshapita mikononi mwa watu wengi kuliko alivyotaka. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi Babati kwa shughuli za ndoa yake. Akatiliwa shaka kuwa si raia, na pasipoti yake ikachukuliwa. Mwaka 2014 akakamatwa, akasindikizwa hadi Kenya. Kenya nayo ikasema huyu si wetu: mahakama ya huko ikamtia hatiani kwa kuwamo nchini bila kibali, akarudishwa mpakani. Tanzania haikumpokea. Akabaki katika kile kipande cha ardhi kati ya Sirari na Isebania ya Kenya, ambacho si cha huku wala si cha kule.

Nyote mmepita pale. Mnayajua malori yanayosubiri foleni, wabadilisha fedha wenye mabunda mkononi, bodaboda zinazopita na magunia, akina mama wa ndizi. Sisi tunapita kwa dakika chache kwenda kununua bidhaa au kuhani msiba. Yeye alikaa. Akiugua, atatibiwa na hospitali ya nchi gani? Akidhulumiwa, atamshtakia polisi yupi? Mtu anayetoka mkoa wa Mara, mkoa uliomzaa Baba wa Taifa, alikosa mahali pa kusimama duniani ambapo ofisa asingeweza kumwambia ondoka.

Mahakama ilisema nini? Ilisema kwamba serikali yetu ilimnyang'anya uraia kiholela, ikamfukuza kiholela, na ikamnyima nafasi ya kusikilizwa. Lakini ndani ya hukumu ile kuna hoja moja ambayo ndiyo iliyonileta mbele yenu. Mtu huyu alikuwa na cheti cha kuzaliwa, alikuwa na pasipoti, na hati hizo zilitolewa na serikali yenyewe. Serikali ikadai kwamba waliotajwa kuwa wazazi wake si wazazi wake. Mashahidi wakapingana. Mahakama ikasema: kwa kuwa ni serikali inayoukana uraia ambao hati zake yenyewe ziliuthibitisha, basi ni serikali inayopaswa kuthibitisha kinyume. Na kama maneno ya mashahidi hayapatani, kulikuwa na kipimo cha vinasaba, ambacho serikali haikukifanya.

Yaani mzigo wa kuthibitisha si wa mtu peke yake. Nawaomba mlishike hilo, maana nitalibeba hadi San Francisco na kurudi.

Mpaka huu ni mdogo kwa umri kuliko koo zetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya kugawana maeneo: mstari utoke pwani upande wa mto Umba, uzunguke Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja hadi Ziwa Viktoria mahali linapokatwa na digrii moja kusini mwa ikweta. Waliouchora hawakumuuliza mtu yeyote wa Bukira. Leo Wakurya wa koo za Wanyabasi, Wakira, Wairege na Wagumbe wapo pande zote mbili. Ng'ombe wa mahari wamevuka mstari ule tangu ulipochorwa, na wanavuka hadi leo. Nenda kwenye msiba wowote wa mzee wa Borega au wa Kegonga, hesabu waliokuja kuchimba kaburi, kisha uniambie nani ni wa nchi gani.

Uhuru ulipofika, swali la nani awe raia lilizungumzwa kwa ukali. Oktoba 1961 muswada wa uraia ulipofikishwa katika Bunge la Tanganyika, baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, na wenye asili ya Asia na Ulaya wawekwe kando. Nyerere alikataa kwa hasira iliyojulikana. Alisema huo ni ubaguzi ule ule tuliopigana uondoke, na akawaeleza wabunge kwamba muswada ukiangushwa, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita. Aliyezaliwa Tanganyika, akiwa na mzazi mmoja naye aliyezaliwa Tanganyika, akawa raia kuanzia tarehe 9 Desemba 1961. Wengine wakapewa miaka miwili ya kujiandikisha.

Wazee wetu wa Tarime walilala usiku ule wakiwa watu wa himaya ya Malkia, wakaamka raia. Hakuna aliyewadai karatasi. Uraia wao ulijulikana kwa wanaowajua: mzee wa ukoo, mwalimu wa shule, balozi wa nyumba kumi, kadi ya TANU. Na kwa miaka mingi, kuwa raia kwa maana ya kila siku kulikuwa ni kuonekana: umehudhuria mkutano, umelipa kodi ya kichwa, umepeleka mtoto jeshini. Wakurya walijaa katika jeshi la King's African Rifles na baadaye katika JWTZ, na sijasikia kuwa mtu aliyekwenda vitani Kagera mwaka 1978 aliulizwa kwanza bibi yake alizaliwa upande gani wa Sirari.

Siku hizi mambo ni mengine. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ilianzishwa mwaka 2008. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, ikawa lazima. Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo, asiye na namba hana laini yake mwenyewe. Asiye na laini hapokei pesa ya maziwa wala ya mahindi kwa simu. Benki hawamfungulii akaunti. Uraia ambao zamani ulihitajika siku ya kupiga kura na siku ya kusafiri, sasa unahitajika kila asubuhi.

Tuitazame meza yenyewe. Kijana wa Muriba anataka kitambulisho. Anachukua fomu, anapita kwa mwenyekiti wa kitongoji, anakwenda kwa mtendaji wa kijiji fomu igongwe muhuri, kisha anakaa mbele ya ofisa uhamiaji. Baba yako alizaliwa wapi? Babu je? Bibi mzaa mama ni wa ukoo gani, na amezikwa wapi? Kijana wa katikati ya nchi anaweza kuulizwa hayo hayo na akajibu bila kufikiri. Hapa kwetu jibu la kweli ndilo linaloponza. Bibi mzaa mama aliolewa kutoka ng'ambo, kama walivyoolewa mabibi wengi, na kaburi lake liko Ntimaru kwa kaka zake au liko hapa kwa wanawe. Kijana akisema kweli anaongezewa maswali, anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha baba, na baba alizaliwa enzi ambazo mkunga alikuwa jirani na cheti hakikuwapo. Akificha, amesema uongo kwenye fomu ya serikali, na uongo huo utamsubiri maisha yake yote.

Sisemi ofisa anayeuliza ni mtu mbaya. Mpaka huu una wizi wa mifugo, una magendo, una watu wanaotembea na vitambulisho viwili mfukoni, cha huku na cha kule, na kupiga kura pande zote. Nchi ina haki ya kuwajua watu wake. Ninachosema ni kwamba pale mezani ofisa ana kalamu na kijana hana kitu, na kama sheria haikusema wazi ni nani abebe mzigo, atabebeshwa mnyonge.

Na wala si wanyonge peke yao. Februari 2001 serikali ilitangaza kuwa watu wanne maarufu si raia. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya. Mwingine, Timothy Bandora, alikuwa balozi wetu nchini Nigeria. Fikirini: mtu aliyetumwa kuisemea nchi ugenini anaambiwa nchi si yake. Ulimwengu baadaye alipewa uraia kwa kuomba. Kwamba mtu wa daraja lile aliweza kuamka asubuhi akiwa mgeni, linatuonesha msingi wenyewe ulivyo.

Sasa twende kwenye msingi huo, yaani sheria. Katiba yetu ya mwaka 1977 inamtaja raia mara nyingi, lakini haisemi raia ni nani. Imeiachia Sheria ya Uraia, namba 6 ya mwaka 1995. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia. Kisha kinaweka watu wawili pembeni: mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni, na mtoto wa adui aliyezaliwa katika eneo lililokaliwa na adui. Basi. Hayo ndiyo maneno ya kifungu. Lakini mwulize ofisa yeyote, atakuambia kuzaliwa hapa hakutoshi, lazima mzazi mmoja awe raia. Hivyo ndivyo inavyofanyika, na imefanyika muda mrefu hata wengi wanaamini ndivyo ilivyoandikwa. Kuna sheria ya kwenye kitabu na kuna sheria ya mezani, na inayomkuta kijana wa Muriba ni ya mezani.

Hapa ndipo Marekani inapoingia, na inaingia kwa mlango wa ajabu, maana wale watoto wawili waliotengwa na sheria yetu, wa mwanadiplomasia na wa adui, ndio hao hao waliotajwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1898.

Marekani ilianza na uraia wa Wazungu. Mwaka 1857, katika shauri la mtumwa aliyeitwa Dred Scott, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba mtu mweusi wa asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, damu nyingi ikamwagika, na mwaka 1868 wakaandika katika Katiba yao Marekebisho ya Kumi na Nne: aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Waliliweka kwenye Katiba makusudi, ili bunge la kesho lisiweze kulifuta kwa kura za mchana mmoja. Hata hivyo Wahindi Wekundu, wenyeji wa ardhi ile kabla ya yeyote, walisubiri hadi mwaka 1924 ndipo wote wakatambuliwa kwa sheria.

Mwaka 1873 huko San Francisco alizaliwa mtoto wa Kichina, Wong Kim Ark. Wazazi wake hawakuruhusiwa kuwa raia kwa sababu ya asili yao. Yeye alikuwa mpishi. Alikwenda China kuwaona ndugu, na kabla ya kuondoka alijiandikia hati yenye mashahidi Wazungu waliokiri kwamba wanamfahamu na kwamba amezaliwa pale. Aliporudi mwaka 1895, ofisa wa forodha akamkatalia kushuka. Akawekwa melini bandarini, akahamishwa kutoka meli moja hadi nyingine kwa miezi kadhaa, mji aliozaliwa ukiwa mbele ya macho yake. Mnamfikiria yule wa Sirari, najua, nami namfikiria yeye pia. Tarehe 28 Machi 1898 Mahakama Kuu ikaamua kwa majaji sita dhidi ya wawili: huyu ni raia, kwa sababu amezaliwa hapa.

Vitabu vingi vinaishia hapo. Mimi nataka tuendelee hatua mbili. Mwaka 1901, miaka mitatu baada ya kushinda katika mahakama ya juu kuliko zote, Wong Kim Ark alikamatwa El Paso, Texas, akishukiwa kuwa Mchina asiye na haki ya kuwamo nchini, akalazimika kuweka dhamana ya dola 300. Na mwaka 1910 mwanawe mkubwa alipofika kutoka China, akahojiwa: kijiji kina nyumba ngapi, nani anakaa jirani, mambo ya namna hiyo. Majibu yake yakalinganishwa na ya baba. Hayakulingana sawasawa, akarudishwa. Mtoto wa mtu ambaye jina lake ndilo sheria ya uraia wa Marekani hadi leo alishindwa mezani.

Jambo hilo hilo liliwakuta Weusi wa kusini mwa Marekani katika haki ya kura. Marekebisho ya Kumi na Tano, ya mwaka 1870, yalikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Karibu miaka mia baadaye, huko Mississippi, Mweusi aliyekwenda kujiandikisha alikabidhiwa kifungu cha katiba ya jimbo, akaambiwa akifafanue. Karani ndiye aliyeamua kama amekifafanua vizuri. Profesa mweusi aliweza kufeli na Mzungu asiyejua kusoma vizuri akafaulu. Bob Moses, mwalimu wa hesabu, alikuwa mmoja wa vijana walioongoza kampeni ya kuwaandikisha watu huko mwaka 1964, na alipigwa na kufungwa kwa kazi hiyo. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 ndiyo iliyoondoa mitihani ile. Labda hamjui kwamba Bob Moses baadaye aliishi nchini mwetu: kuanzia mwaka 1969 hadi 1976 alifundisha hesabu huko Same, Kilimanjaro. Wapo wazee wa Kipare waliofundishwa hesabu na mtu aliyeijua meza ya Mississippi.

Na wasidhani Wamarekani kwamba wamemaliza. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kutaka watoto wa wageni wasio na kibali, na hata wa wenye viza za muda, wasitambuliwe kuwa raia kwa kuzaliwa. Mtoto wa mwanafunzi wa Tarime aliye chuoni huko angeguswa na amri hiyo. Ndani ya siku chache jaji wa Seattle aliizuia, na wengine wakafuata. Napenda mlione jambo moja katika habari hiyo: rais mwenye nguvu kuliko wote duniani alitaka kubadili nani ni raia, na mtu wa kawaida akawa na mlango wa mahakama wa kubisha. Mlango huo ndio alioukosa mwenzetu wa Butiama. Mahakama ya Arusha ilibaini kwamba Sheria yetu ya Uraia haimpi mtu aliyekuwa raia kwa kuzaliwa njia ya kwenda mahakamani anapokanwa, ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria zake.

Nirudi kidogo kwenye tofauti ya kitabu na meza, maana hapa Tarime ina uzito wake. Mnaijua nyumba ntobhu. Mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anamwoa msichana, na watoto wa msichana yule wanakuwa wa nyumba ya mama aliyetoa mahari. Mtoto akifika mezani anaulizwa jina la baba. Aliyemzaa hatambuliki kimila kuwa baba yake. Mama mwenye nyumba ni raia, lakini si aliyembeba mimba. Na kama msichana aliyeolewa alitoka Kuria ya Kenya, basi mtoto aliyezaliwa Nyamwaga, asiyejua kwingine, anaweza kukosa mzazi hata mmoja anayehesabika. Kwa maneno ya kifungu cha 5 mtoto huyu ni raia bila mjadala. Kwa sheria ya mezani hana nchi. Hayo ni maisha ya watoto wanaosoma katika shule zetu.

Wanawake pia wana lao. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake ya kuomba uraia. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana. Afuate njia ndefu ya tajinisi, yenye masharti ya miaka ya kuishi nchini. Sheria bado inaamini kwamba mwanamke hufuata na mwanamume hufuatwa. Binti wa Tarime aliyeolewa na mtu wa Kehancha, Kenya, na kukaa naye hapa Tarime anaijua gharama ya imani hiyo kila vibali vinapokwisha muda.

Mmeniuliza pia, kabla hatujaanza, juu ya uraia pacha. Chukueni Wanyabasi wawili, watoto wa ndugu, mmoja wa upande wa Kenya na mwingine wa Tarime. Wote wamekwenda Marekani, wamefanya kazi ya kutunza wazee usiku, wamekaa miaka mitano na kadi ya ukaazi, wamefanya mtihani wa historia na Kiingereza, na wamesimama katika ukumbi mmoja kula kiapo kimoja. Wanatoka mlangoni. Wa Kenya ana nchi mbili, maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine. Wa Tarime ana moja, ya Marekani. Kwa sheria yetu, alipokula kiapo kwa hiari yake aliacha kuwa Mtanzania, ingawa baba yake yuko hapa na pesa ya kila mwezi inakuja hapa. Mwaka 2025 Bunge letu lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine wapewe hadhi maalumu. Ni hatua, na naipokea. Lakini hadhi ni ya mgeni anayependwa. Haina kura, na kinachotolewa kwa kibali huondolewa kwa kibali. Mimi naona Kenya imetushinda katika hili, na sioni sababu ya kuona haya kulisema mbele ya Wakenya waliopo.

Wakenya wana jambo jingine la kujivunia. Wamakonde walioletwa Kenya kutoka Msumbiji enzi za mashamba ya mkonge walikaa vizazi bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Walitambuliwa. Mwaka 2023 wakatambuliwa Wapemba wa pwani ya Kenya, watu wenye asili ya Zanzibar. Yaani watu wenye asili ya kwetu walipewa nchi na jirani. Nasi tumewahi kufanya makubwa kuliko hayo: Warundi wapatao 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao, walipewa uraia wetu, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ni nchi chache sana duniani zilizowahi kufanya hivyo kwa mkupuo mmoja. Nchi yenye moyo wa kuwapokea watu 162,000 haiwezi kushindwa kumsikiliza mmoja wa Butiama.

Wakurya tuna iritongo, mkutano wa hadhara wa kusikiliza kesi. Mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe husimamishwa katikati na mshtaki hutakiwa aseme alimwona wapi na lini. Wapo walioonewa katika mikutano hiyo, sitaki kuipamba. Lakini hata pale mtu hakuhukumiwa kwanza kisha akaambiwa alete ushahidi kwamba si mwizi. Tunaomba uraia nao usimamiwe kwa utaratibu ambao hata kesi ya ng'ombe inaupata.

Kwa hiyo naomba mambo machache kwenu mliopo. Watendaji, mtoto akizaliwa kijijini kwenu hakikisheni anaandikishwa RITA, apate cheti cha kuzaliwa, akiwa bado mgongoni. Kazi hiyo siku hizi inafanyika katika kata na kwenye vituo vya afya. Wazazi, msisubiri mtoto afike kidato cha nne ndipo mtafute cheti. Wazee, andikisheni kumbukumbu zenu: nani alizaliwa wapi, nani aliolewa kutoka wapi, mkiwa hai na mnaweza kuapa. Maofisa wa uhamiaji, kisomeni kifungu cha 5 kama kilivyoandikwa, na mnapomkatalia mtu, mwandikieni sababu kwenye karatasi aondoke nayo.

Kwa wabunge wetu wa Tarime, Rorya na Serengeti nina ombi zito zaidi. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililoruhusu mwananchi kwenda mwenyewe katika Mahakama ya Afrika, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa. Mtu wa Sirari atakayekutwa na yaliyomkuta yule wa Butiama hawezi tena kupeleka shauri lake Arusha kama yeye alivyopeleka. Mlango wa nje umefungwa, basi wa ndani ufunguliwe. Hukumu ya tarehe 22 Machi 2018 iliiagiza Tanzania irekebishe sheria ili anayebishaniwa uraia wake awe na mahakama ya kwenda. Kila mbunge atakayekuja kuomba kura hapa Tarime, mwulizeni swali moja kabla hajateremka jukwaani: agizo hilo limefikia wapi, na wewe umelisemea lini bungeni?